Isale Mbele ya Kamera

Mwaka jana, tulipomzika mama mdogo kule Moshono, Wilfredi alikuja. Nilimwona akiwa bado getini, mzee sasa, mguu mmoja akiuburuta kidogo, nikamjua kabla sijauona uso wake, kwa sababu alikuwa anatembea kama baba yake, mikono nyuma na kichwa mbele. Alisubiri mpaka mchungaji ameondoka na watu wamepakuliwa chakula, ndipo akasogeza kiti chake karibu na changu. Akanipa pole, nikaitikia. Tukazungumza juu ya mvua zilizochelewa, bei ya mahindi, watoto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, kama kuna mtu yeyote ambaye bado ana ile filamu. Nikamwambia sijui, walioitengeneza walirudi Dar es Salaam na sikuwasikia tena. "Baba aliiulizia mpaka mwisho," akasema. "Alitaka kile kipande kifutwe." Hakusema kipande gani, nami sikuwa na haja ya kuuliza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiurudia mwaka ule mmoja, na kila nikiurudia, kinachotangulia si filamu wala deni. Ni woga. Ninaweza kusahau sura za watu wa mwaka ule, lakini woga wake naukumbuka kama mtu anavyokumbuka harufu ya nyumba aliyowahi kuishi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa naishi kwa mama mdogo, Ngarenaro, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyopakana na karakana ya wachomeleaji. Mchana kutwa tulisikia chuma kikigongwa na tuliona mwanga wa buluu ukirukaruka ukutani. Baba mdogo alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, kama wengi wa mtaa ule, akaenda Mererani kutafuta mawe ya thamani. Barua zake zilikuwa fupi, na fedha hazikuwemo. Mama mdogo alikuwa anauza mitumba. Hizo zilikuwa enzi za ruksa, kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, na nguo ambazo miaka michache nyuma zingemletea mtu matatizo sasa zilikuwa zinamwagwa sokoni kwenye maturubai. Alikuwa anachukua mzigo kwa Mzee Ndemasi, mfanyabiashara wa kutoka Marangu kama sisi, kwa utaratibu wa mali kauli: unachukua roba zima, yaani furushi la nguo lililofungwa mikanda, kwa neno la mdomo, unauza, unarudisha fedha, unachukua jingine. Sheria ilikuwa moja tu, na kila mtu aliijua. Roba likishakatwa mikanda ni lako, liwe na nini ndani. Maroba mawili ya kwanza yalitulisha vizuri. Kwa la tatu, lililosemekana kuwa la masweta, Mzee Ndemasi alitaka rehani, kwa kuwa fedha ilikuwa kubwa, na mama mdogo akaweka nyumba, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Tulilikata mikanda asubuhi ya Jumamosi, pale pale sokoni, wateja wakisubiri. Lilikuwa limejaa nguo za kuogelea.

Leo watu hucheka nikiwasimulia, na hata siku ile walicheka. Nguo za kuogelea, Arusha, mwezi wa saba, mbele ya akina mama wa Kilutheri waliovaa makoti. Mwuza viatu wa jirani alinyanyua moja, nyekundu, akamwuliza mama mdogo kama aipeleke kwa mchungaji au kwa mke wa mchungaji. Mama mdogo hakucheka. Alitembea moja kwa moja hadi dukani kwa Mzee Ndemasi na kumwita mwizi, mwizi aliyevaa koti, mbele ya wanunuzi wake na vibarua wake. Yule mzee alikuwa na koti la kijivu alilolivaa jua na mvua, na alijivunia kwamba tangu aingie mjini hakuna aliyewahi kumtukana. Alimgeukia mwanawe Wilfredi, ambaye ndiye aliyekuwa akishika hesabu, akasema maneno mawili kwa Kichaga, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyekuja tena kwetu kukumbusha deni kwa upole. Nilisoma baadaye sana, katika vitabu vya kuokoteza kandokando ya barabara, jinsi shilingi ilivyokuwa ikishushwa miaka ile, na nikaelewa kwamba Mzee Ndemasi naye alikuwa anadaiwa na watu wa bandarini waliohesabu kwa dola, na kwamba hata yeye hakuwa amelifungua lile roba kabla ya kutukabidhi. Wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba kuna mtu anayeweza kuchukua nyumba tunamolala.

Mnamo Novemba ilichukuliwa nyumba ya Mama Halima, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, kwa deni alilodaiwa na mtu mwingine kabisa. Niliona kwa dirisha. Vijana walibeba kabati la vyombo bila kutoa vyombo, na sahani ziligongana humo ndani mpaka mwisho wa mtaa. Chungu cha maharage kilitolewa jikoni kikawekwa chini barabarani, mvuke ukitoka, na Mama Halima akasimama karibu nacho ameshika mwiko. Hakulia. Alikuwa anayakoroga maharage yasiungue, ingawa hapakuwa na moto chini yake. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilibadilika. Mama mdogo aliacha kukaanga. Alisema harufu ya kitunguu na mafuta ikitoka kwa mdaiwa hufika mbali, na mtu atakwenda kusema kwamba wale wanakula vizuri na hawalipi. Tukawa tunachemsha kila kitu: ndizi, maharage, mchicha, viazi, kwenye sufuria yenye mfuniko. Redio tuliipunguza mpaka ukitaka kusikia habari lazima uinamie. Gari likisimama nje tulinyamaza, tukasikiliza mlango wake ukifunguka, tukasubiri hatua zielekee upande gani. Nilijifunza kutofautisha ngurumo ya Land Rover na ya pikapu kama watu wengine wanavyojifunza nyimbo.

Watu wa filamu walikuja Januari. Walikuwa wanne, pamoja na kijana mrefu wa Dar es Salaam ambaye wenzake walimwita Mwongozaji, nasi tukamwita hivyo hivyo. Walikuwa na fedha za wafadhili na walitaka kutengeneza filamu juu ya madeni: nchi inavyodaiwa, na mtu wa chini anavyodaiwa, na jinsi moja linavyozaa jingine. Hawakutaka waigizaji wa mjini kwa sehemu zote. Walitaka uso ambao, kama alivyosema Mwongozaji, umeshaamka na deni asubuhi. Mwinjilisti wa usharika wetu akawaleta kwa mama mdogo. Nilitegemea angekataa. Lakini walikuwa wanalipa, na kwetu kulikuwa na debe moja la mahindi, na nadhani pia aliogopa kukataa, kwa sababu mtu anayekataa huulizwa kwa nini. Akakubali kuigiza mwanamke anayenyang'anywa nyumba. Kwa sehemu ya mdai walikuwa wamemwandaa mzee mmoja mwigizaji wa huko kwao. Alifika Arusha akalala na malaria siku hiyo hiyo. Sasa, walikuwa wameshakodi duka moja la maroba ili wapigie picha humo, na mwenye duka alikuwa mtu mzima, mwenye sauti nzuri na koti zuri, na aliyekuwa anapenda kutazamwa. Mwongozaji akamwomba yeye. Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Mama mdogo alipopelekwa dukani kwa matayarisho akamkuta Mzee Ndemasi ameketi kwenye roba, anasomewa maneno yake.

Aliporudi nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake. Nikamwuliza kama watamtafuta mtu mwingine. Akasema Mzee Ndemasi alimtazama, akamwambia Mwongozaji kwamba huyu mama atafaa sana, basi. Kulikuwa na jambo jingine. Katika hadithi ya filamu, mwanamke anampelekea mdai wake isale. Mwongozaji alikuwa ameyaona masale kwenye mipaka ya viwanja vyetu, yale majani marefu ya kijani, akaambiwa na mtu kwamba Wachaga huyatumia kuombea msamaha, na akalipenda jambo hilo. Alitaka mdai alipokee lile jani, alitazame, kisha alitupe kwenye tope. Alisema watazamaji wa nje wangeelewa hata bila maneno. Hakujua, na sijui nani angemweleza, kwamba isale likitolewa halikataliwi. Unafunga fundo kwenye jani, unampelekea uliyemkosea, na akishaliona hana njia. Hata kama ulimwaga damu ya ndugu yake, atakaa chini mzungumze. Mtu akilitupa, si wewe tena uliye na kosa. Mama mdogo alinieleza hayo yote kwa sauti ya chini kana kwamba siyajui, kisha akanituma Moshono, kwenye kipande chao cha shamba, nikakate moja mpakani. Nikamwambia Mwongozaji amesema jani lolote litafaa. "Lolote halitafaa," akasema. Alilifunga fundo mwenyewe, mezani, akalikaza mara mbili, na mimi nikatambua kwamba hakuwa anajiandaa kuigiza.

Walipiga picha uani kwetu. Kulikuwa na jenereta, taa mbili, na kipaza sauti chenye manyoya kilichoning'inizwa kwenye ufito mrefu kama paka aliyenyeshewa. Mtaa mzima ulikuwa ukutani na juu ya mabati ya wachomeleaji. Mtu mmoja alimpigia kelele Mzee Ndemasi, akimwita mangi kama wanavyoitwa Wachaga wenye maduka, kwamba leo amepata kazi anayoiweza, na watu wakacheka, na mzee akanyoosha koti lake. Wilfredi alikuwa amesimama kando, hana furaha. Kisha wakanyamazishwa. Mama mdogo akatoka mlangoni, akapiga magoti mbele ya yule mzee, akanyoosha isale kwa mikono miwili. Alitakiwa aseme maneno aliyofundishwa kuhusu watoto na mvua. Hakuyasema. Alisema, "Mzee, nilikutukana mbele za watu. Naomba unisamehe mbele za watu." Mwongozaji hakumsimamisha, nadhani alidhani ni uigizaji wa hali ya juu. Mimi nilikuwa namtazama Mzee Ndemasi. Alipoliona lile fundo, uso wake uliacha kuwa wa kwenye filamu. Alitazama ukutani, akawaona wazee watatu wanne wa kwetu, waliokuwa wamevua kofia. Akanyoosha mkono wa kulia, akalipokea. Alikaa nalo muda mrefu kuliko alivyoagizwa. Halafu akafungua koti na kuliweka mfuko wa ndani.

Mwongozaji akasema kata, akacheka kidogo, akaeleza tena kwa heshima kwamba mzee alipaswa kulitupa, na kwamba sasa tutarudia. Mzee Ndemasi akasema hawezi kurudia. Kijana akamgeukia mama mdogo, akamwomba alitoe tena jani lile lile au jingine. "Halitolewi mara mbili," mama mdogo akamjibu. "Nimeshatoa, ameshapokea." Mwongozaji akauliza kama wanagoma, kama ni suala la malipo. Jenereta lilikuwa linaunguruma bure. Mwishowe wakazima taa, na Mzee Ndemasi akaondoka kwa miguu, mkono mmoja juu ya kifua cha koti. Kesho yake nilisikia kwamba wamemwomba awaazime lile koti kwa saa moja, wamalizie vipande vidogo vidogo, na kwamba amewapa.

Tulianza kusubiri. Nilidhani tumeokoka, nikamwambia mama mdogo tukaange kitunguu kimoja tu, akanikataza. Alikuwa anaogopa zaidi kuliko mwanzo. Alisema mtu ukimwomba msamaha kwa namna hiyo, pasipo yeye kujiandaa, anaweza kukusamehe na kukuchukia kwa pamoja. Na kweli, mwezi wa tatu dalali wa mahakama alikuja. Sijasahau alivyokuwa na adabu. Alinisalimia, akafuta viatu, akaomba radhi kwa kutusumbua wakati wa chakula, na akaanza kukikalia kila kiti, kimoja baada ya kingine, akijitikisa kidogo kuona kama kina nguvu. Alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Akafungua kabati, akalifunga. Akaandika namba kwa chaki ubavuni mwa kila kitu, meza, kitanda, cherehani yangu, halafu akatoka nje akaandika moja kwenye mlango wa mbele. Wilfredi alikuwa naye. Mama mdogo akamwambia, "Wilfredi mwanangu, baba yako alipokea isale." Akajibu bila kumtazama, "Ile ilikuwa filamu, mama. Baba alikuwa anaigiza. Na wewe ulilipwa." Alisema tumepewa mpaka mwisho wa mwezi wa saba. Alisema kwa uchovu, kama mtu ambaye yeye mwenyewe ametajiwa tarehe mahali pengine. Hatukuthubutu kufuta chaki ile. Tulikuwa tunapanguza vumbi kwa kuizunguka.

Miezi ile iliyofuata siwezi kuieleza kwa matukio, kwa sababu hapakuwa na tukio. Mvua za masika zilinyesha, Meru ukajificha, ukaonekana, ukajificha. Tuliuza nguo za kuogelea kwa wenye hoteli, chache chache, na kwa fundi mmoja aliyezikata kutengeneza kamba za kufungia magodoro. Nilikuwa naamka kabla ya mwanga na kukuta mama mdogo ameketi sebuleni kwenye kiti chenye namba, amevaa kabisa, mkoba magotini. Nilipomwuliza anakwenda wapi alisema haendi popote, ila wakija asikutwe na kanga ya kulalia. Nimesoma watu wakiandika kwamba umaskini ni kukosa vitu. Sisi vitu tulikuwa navyo. Tulikuwa tunavikalia tukijua ni vya mtu mwingine, na nadhani hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Filamu ikarudi Arusha mwezi wa saba, kabla ya siku yetu. Waliionyesha katika ukumbi wa usharika, shuka jeupe ukutani, watu wamejifunika mablanketi kwa baridi. Mzee Ndemasi alikaa mstari wa mbele na mkewe na kaka yake mkubwa, aliyekuwa amekuja kutoka Marangu kwa ajili ya jambo hilo tu, kumwona mdogo wake kwenye filamu. Sisi tulikaa nyuma, karibu na mlango. Ilikuwa filamu nzuri. Hilo lazima niliseme. Ilionyesha kiwanda kilichofungwa, kahawa iliyooza ghalani, waziri akisaini karatasi, na kisha ua wetu. Mama mdogo akapiga magoti shukani, mkubwa kuliko alivyokuwa. Uso wa Mzee Ndemasi ukalitazama jani. Halafu tukaona mkono, mkono tu, umetoka katika mkono wa koti la kijivu, ukalitupa isale kwenye tope, na kiatu kikapita juu yake. Hata pale nyuma, kwa ukubwa wa picha, niliweza kuona kwamba lile halikuwa isale. Lilikuwa jani la muhindi lililofungwa fundo. Mkono ule ulikuwa wa kijana, hauna hata kovu moja kati ya yale ambayo mikanda ya maroba ilimwachia mzee. Lakini nani alikuwa anatazama makovu? Ukumbini mtu mmoja alivuta pumzi. Bibi mmoja mbele yetu akasema kwa Kichaga, taratibu, kwamba amelitupa. Wazee wakaanza kuinuka na kutoka, bila kelele, kama watu wanaotoka katika nyumba yenye ugonjwa. Kaka mkubwa alikuwa miongoni mwao. Mzee Ndemasi alibaki ameketi mpaka taa zilipowashwa, akigeuka kulia na kushoto, akisema si mimi, si mkono wangu ule, kwa viti vilivyokuwa wazi.

Ndani ya wiki moja nikaona mjini kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akina mama wa kwetu waliacha kuchukua mzigo kwake. Lori lake aina ya Fuso likavunjika ekseli Kikatiti, jambo linalotokea kwa malori kila siku, na watu wakatazamana, wakisema ni isale. Kaka yake hakurudi Marangu. Akafikia kwa mtu mwingine na akatuma neno kwamba Jumapili ukoo utakaa. Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, Mzee Ndemasi alikuja kwetu, peke yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikamkaribisha kiti akaiona namba ya chaki, akabaki amesimama. Akamwambia mama mdogo kwamba watu wote waliokuwa uani siku ile wanakumbuka walivyoona kwenye shuka, si walivyoona kwa macho. Hata wale wazee waliovua kofia sasa hawana hakika. "Wewe ndiye uliyetoa," akasema. "Ukisema nilipokea, wataamini. Ukinyamaza, nimelitupa." Mama mdogo akamjibu kwamba amesikia. Mzee alipoondoka nilimrukia mama mdogo kwa maneno. Nilimwambia Mungu amemtia mkononi mwetu. Mwache aufute mkopo kwanza, kwa maandishi, ndipo useme. Nilisema tumeogopa mwaka mzima, sasa na yeye aogope. Mama mdogo alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka beseni likajaa, na mimi sikulala siku mbili zile, kwa sababu sikujua atafanya nini, na alikuwa ameishika nyumba yetu mdomoni.

Nyumba ya Mzee Ndemasi ilikuwa Sokon I, ya matofali, na sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kushona kwa mkono. Wazee walikaa kwenye makochi, sisi wanawake kwenye viti vya jikoni vilivyoletwa. Hakuna chai iliyotolewa, na hapo ndipo nilipojua ni jambo zito kiasi gani. Kaka mkubwa hakuzunguka. Akamwuliza mama mdogo kama alimpa huyu mtu isale. Akasema ndiyo. Akamwuliza lilikwenda wapi. Mama mdogo akanyamaza, na ukimya ule nilihisi kwenye meno. Nilimwona Mzee Ndemasi akiinamia mikono yake. Nilimwona Wilfredi mlangoni, uso umekauka. Sikumwona hata mtu mmoja chumbani mle ambaye hakuwa anaogopa.

"Alilipokea kwa mkono wa kulia," mama mdogo akasema. "Akaliweka mfukoni, upande wa moyo. Yule aliyelitupa simjui."

Wazee wakapumua. Mke wa Mzee Ndemasi akajifuta uso kwa kanga. Kaka mkubwa akaitikia aika, yaani asante, akamgeukia mdogo wake, na karibu atabasamu, akauliza kwa kukamilisha tu, kama inavyoulizwa, kwamba tangu siku hiyo mmekuwa mkiishi vipi na huyu mama. Mama mdogo angeweza kujibu. Alikuwa ameulizwa mwingine, akafunga mdomo. Nilijibana nisiseme mimi. Nilikuwa nikimtazama yule mzee, na nikaona wazi kwamba alikuwa na njia ya kupita. Hakuna mzee mmoja pale aliyejua habari ya dalali.

"Nimempelekea dalali," Mzee Ndemasi akasema. "Zimebaki siku nne."

Kaka mkubwa akasema kwamba basi aliyelitupa si yule wa kwenye filamu. Akasema aliyepokea isale hapeleki dalali. Kesho asubuhi dalali aondolewe, na wenye kudaiana wadaiane kama watu. Ndipo Wilfredi akaingia katikati ya chumba, jambo ambalo kijana hafanyi, na akauliza, bila ukali, akiwa karibu kulia: "Na sisi tunaodaiwa Dar es Salaam, tukawapelekee isale na wao?" Kaka mkubwa akasema hilo hawakuulizwa. Baba yake akasimama, akamwambia akae, lakini hakuwa na hasira, na nilipowatazama wawili wale, wamesimama vilevile, vichwa mbele, nilielewa kwamba tarehe aliyotutajia Wilfredi mwezi wa tatu ilikuwa ya kwao, waliyopewa na wadai wao. Kabla mwaka haujaisha waliuza lile Fuso, na mwaka uliofuata wakauza duka.

Tulirudi Ngarenaro kwa miguu. Kulikuwa na jua jembamba la saa kumi, na Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nilikuwa na furaha ya kupiga kelele, lakini mama mdogo alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu. Nikamwuliza kama alijua siku ile uani kwamba mzee hatalitupa. Akasema hakujua, alikuwa anaogopa angelitupa, na alikuwa anaogopa angelipokea. Tulipofika karibu na karakana akasema kesho kutwa tutamtafuta mwenye mzigo wa mashuka, tuanze upya, na kila Jumamosi tutampelekea Mzee Ndemasi chochote tutakachopata. Nikamwambia hakuna tena anayetufukuza, kwa nini tusipumzike kwanza hata mwezi.

"Ndiyo maana," akasema.

Alifungua mlango, akaingia, akavua viatu. Mimi nilibaki nje. Mwaka mzima nilikuwa nimeogopa kwamba watatunyang'anya nyumba, na woga ule nilikuwa nimeuzoea, nilijua sauti ya gari lake. Huu mwingine ulikuwa mpya. Nyumba ilikuwa yetu, na deni lilikuwa letu, na kuanzia jioni ile hapakuwa na mtu yeyote wa kutulazimisha kulipa. Ilituchukua miaka sita kulilipa.